Jina la Ugonjwa na Mahali pa Jeraha: Historia Fupi ya Kutambua Dalili za Kiharusi

1. Utangulizi

Katika maandishi mengi ya afya yanayotolewa kwa Kiswahili, na hata katika mazungumzo ya kila siku, kiharusi huelezwa kuwa ni ugonjwa wa kupooza upande mmoja wa mwili. Maelezo hayo ni mafupi, yanaeleweka upesi, na kwa wagonjwa wengi ni ya kweli. Lakini hebu tumfikirie mama mmoja aliyeamka asubuhi akiwa mzima wa mikono na miguu, akabandika chai jikoni, kisha mwanawe alipomwuliza jambo akajibu kwa maneno mengi yasiyo na maana yoyote. Hakupooza popote. Kwa mujibu wa maelezo yale, mama huyu hana kiharusi. Watu wa nyumbani watasema amechanganyikiwa, au amepandwa na pepo, nao watampeleka kwingine badala ya hospitali. Kumbe huenda ni kiharusi hasa, kilichoipata sehemu ya ubongo ambayo kazi yake si kuongoza mkono wala mguu. Kosa hapa si la mama wala la jamaa zake. Ni kosa la neno lililofasiriwa kwa dalili moja tu.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi waganga wa zama mbalimbali walivyofikia kujua kwamba dalili za kiharusi hutegemea mahali palipoumia ndani ya ubongo, na kuonyesha mambo ambayo historia hiyo inawafundisha watu wanaofasiri, wanaosomesha na wanaoandika matangazo ya serikali. Twaamini kuwa mfasiri asiyeijua historia ya dhana hawezi kulitendea haki neno linaloibeba.

2. Majina ya kale: kupigwa, kunyamaza, kugawanyika

Majina ya kwanza ya ugonjwa huu yalitaja kile kilichoonekana kwa macho. Wagiriki waliuita apoplexia, neno lenye maana ya kupigwa ukaanguka chini. Waganga walioandika kwa Kiarabu, miongoni mwao Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, walikuwa na majina kadhaa. Sakta, kutokana na mzizi wenye maana ya kunyamaza, lilikuwa jina la hali ya mtu aliyezimia ghafla asitikisike wala kusema. Falij, kutokana na mzizi wenye maana ya kupasua vipande viwili, lilikuwa jina la kupooza nusu ya mwili. Laqwa lilikuwa jina la uso uliopinda. Hivyo mambo matatu ambayo leo yaweza kutokana na ugonjwa mmoja yalikuwa na majina matatu mbalimbali, kwa kuwa kila jina lilifuata umbo la nje.

Hata hivyo, wazee hao hawakukosa kabisa fununu ya yaliyo ndani. Katika maandishi yanayonasibishwa na Hippocrates kuhusu majeraha ya kichwa, imeelezwa kwamba mtu aliyejeruhiwa upande mmoja wa kichwa aweza kupata mitukutiko ya upande wa pili wa mwili. Baadaye Aretaeus wa Kapadokia alieleza kuwa mishipa ya fahamu hupishana kama mistari ya msalaba inapoanza kushuka kutoka kichwani. Kwa hiyo madhara ya kichwani huonekana upande wa pili, na madhara ya chini ya kichwa huonekana upande ule ule.

Inafaa tutaje hapa tatizo la istilahi lililowakabili Wagiriki wenyewe. Neno lao neuron lilikuwa na maana ya kano na pia ya mshipa wa fahamu. Ilibidi wataalamu wa Iskanderia, hasa Herophilus katika karne ya 3 kabla ya Kristo, wapasue maiti na kuvitenganisha vitu hivyo viwili kwa kisu kabla ya kuvitenganisha kwa maneno. Tutaona baadaye kwamba Kiswahili nacho kinalo neno la namna hiyo.

3. Damu na upande wa pili

Kwa karne nyingi hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni kitu gani kinachompiga mgonjwa. Mwaka 1658 Johann Jakob Wepfer, mganga wa mji wa Schaffhausen huko Uswisi, alitoa kitabu juu ya watu waliokufa kwa ugonjwa huu. Alipopasua vichwa vyao alikuta damu iliyovuja ndani ya ubongo. Akaeleza pia kwamba kuziba kwa mishipa inayoleta damu kwaweza kuleta madhara yale yale. Huo ndio msingi wa mgawanyo tunaoutumia hadi leo: kiharusi cha mshipa ulioziba na kiharusi cha mshipa uliopasuka. Miaka 6 baadaye, mwaka 1664, Thomas Willis wa Uingereza alieleza mzunguko wa mishipa ya damu ulio chini ya ubongo, na michoro ya kitabu chake ilifanywa na Christopher Wren, ambaye baadaye alijenga kanisa kuu la Mtakatifu Paulo mjini London.

Suala la upande wa pili nalo lilipata ushahidi. Mwaka 1709 Domenico Mistichelli wa Italia, na mwaka 1710 François Pourfour du Petit wa Ufaransa, walionyesha mahali hasa ambapo nyuzi za fahamu hupishana, yaani mwisho wa chini wa shina la ubongo. Mwaka 1761 Giovanni Battista Morgagni wa Padua alichapisha kazi kubwa iliyolinganisha dalili za wagonjwa walipokuwa hai na mambo yaliyoonekana katika maiti zao. Jina la kitabu chake lilihusu makao ya magonjwa. Tangu hapo swali halikuwa tena mgonjwa ana nini tu, bali pia ugonjwa umekaa wapi.

4. Usemi na nusu ya kushoto ya ubongo

Jibu lililosadikisha watu wengi kuliko yote lilipatikana Ufaransa. Mwezi wa Aprili 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca alipokea mgonjwa aliyeitwa Leborgne. Mtu huyu alikuwa amekaa hospitalini humo zaidi ya miaka 20. Aliweza kuelewa mengi aliyoambiwa, lakini kila alipotaka kujibu alitamka silabi moja tu: tan. Hospitali nzima ikamwita kwa jina hilo. Alifariki siku chache baadaye, na Broca alipoutazama ubongo wake alikuta sehemu ya mbele ya nusu ya kushoto imeharibika. Wagonjwa wengine walifuata, na mwaka 1865 Broca alitangaza kuwa kwa watu walio wengi kazi ya kusema imekaa katika nusu ya kushoto ya ubongo. Ndiyo sababu mtu aliyepoteza usemi kwa kiharusi mara nyingi hupooza mkono wa kulia pia.

Wasomaji wa jarida la istilahi watapenda kujua kwamba palizuka ugomvi wa neno. Broca aliiita hali hiyo aphémie. Mwaka 1864 Armand Trousseau alilipinga jina hilo, akidai kuwa katika Kigiriki lina maana ya kukosa sifa njema, na akapendekeza aphasie. Broca alilitetea neno lake, lakini aphasie ndiyo iliyoshinda, na ndiyo iliyotufikia sisi kwa sura ya afasia. Somo lake ni kwamba mgunduzi wa jambo si lazima awe ndiye mwenye neno la mwisho katika kulipa jina.

Mwaka 1874 kijana wa miaka 26, Carl Wernicke, aliyefanya kazi Breslau, mji ambao leo ni Wrocław katika Poland, alieleza afasia ya namna nyingine. Wagonjwa wake walisema kwa wepesi, wala ndimi zao hazikuwa nzito. Ila maneno yao yalikuwa hayana maana, na hawakuelewa waliyoambiwa. Sehemu iliyoumia haikuwa ya mbele bali ya nyuma zaidi, karibu na sikio la kushoto. Huyu ndiye mama yetu wa chai. Kwa kuwa sehemu hiyo iko mbali na ile inayoongoza viungo, mtu aweza kuipoteza na bado akatembea na kubeba ndoo ya maji.

5. Sehemu nyingine za ubongo na dalili zake

Baada ya Broca, ubongo ulianza kuchorwa kama ramani ya nchi. Mwaka 1870 Gustav Fritsch na Eduard Hitzig walionyesha kwamba ukigusa kwa umeme sehemu fulani ya ubongo wa mbwa, mguu wa upande wa pili huchezacheza. Mwaka 1937 Wilder Penfield na Edwin Boldrey wa Montreal walieleza mpangilio huo katika ubongo wa binadamu: uso na mkono vina eneo kubwa ubavuni mwa ubongo, na mguu una eneo lake ndani, katikati ya nusu mbili. Maeneo hayo hulishwa na mishipa tofauti ya damu. Kwa sababu hiyo kiharusi cha mshipa wa katikati hudhuru zaidi uso na mkono, na kiharusi cha mshipa wa mbele hudhuru zaidi mguu.

Nusu ya kulia ya ubongo huleta dalili za ajabu zaidi. Mgonjwa aweza kuusahau kabisa upande wake wa kushoto: akala wali wa nusu moja ya sahani, akanyoa ndevu za shavu moja. Mwaka 1914 Joseph Babinski alieleza wagonjwa waliopooza ambao hawakujua kuwa wamepooza. Ukiwauliza kama mkono una kasoro, hujibu kuwa ni mzima. Mgonjwa wa namna hii hatajipeleka hospitali, na hatakubali kwa urahisi kupelekwa. Anayemwuguza asitegemee maneno yake tu.

Sehemu ya kisogoni ni ya kuona. Tatsuji Inouye, daktari wa macho wa Japani, aliwachunguza askari waliopigwa risasi kichwani katika vita vya Urusi na Japani vya 1904 hadi 1905, na mwaka 1909 akatoa maelezo ya jinsi kila sehemu ya kisogo inavyohusika na sehemu yake ya mandhari. Kiharusi cha kisogo cha kulia hakipofui jicho la kushoto. Huondoa nusu ya kushoto ya kila linachokiona jicho hili na lile. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi husema jicho lake la kushoto limeharibika, na akaenda kutafuta miwani.

Chini ya kisogo kuna ubongo mdogo. Mwaka 1824 Pierre Flourens alionyesha kuwa njiwa waliondolewa sehemu hiyo hawapoozi, bali hukosa ulinganifu wa mwendo. Binadamu naye huwa vivyo hivyo: kizunguzungu cha ghafla, kutapika, kupepesuka kama mlevi. Zaidi ya hayo, ubongo mdogo huongoza upande wake ule ule wa mwili, si upande wa pili. Ni watu wangapi waliopita mbele ya majirani wakidhaniwa wamelewa, hali uvimbe wa ubongo mdogo ukiendelea kulibana shina la ubongo?

Shina hilo ndilo linalounganisha ubongo na uti wa mgongo, na humo nyuzi nyingi hupita katika nafasi nyembamba. Adolf Wallenberg wa Danzig alieleza mwaka 1895 mgonjwa aliyepatwa na kizunguzungu, sauti ya kukwaruza na shida ya kumeza, akapoteza hisia za maumivu na joto usoni upande mmoja na mwilini upande wa pili. Alikisia ni mshipa gani ulioziba, na baada ya mgonjwa kufariki, mwaka 1901, akathibitisha kuwa hakukosea. Dalili za kupishana namna hii, uso huku na mwili kule, ndizo alama mashuhuri ya shina la ubongo.

6. Kutoka kwa mtaalamu hadi kwa jirani

Kwa muda mrefu elimu hiyo ilikuwa fahari ya madaktari lakini haikumfaa sana mgonjwa, kwa kuwa ilithibitishwa baada ya kifo. Mambo yalibadilika tarehe 1 Oktoba 1971, pale mgonjwa wa kwanza alipopigwa picha ya ubongo kwa mashine iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield, katika hospitali ya Atkinson Morley mjini London. Tangu hapo ilikuwa rahisi kutenganisha mshipa uliopasuka na ulioziba bila kumgusa mgonjwa kwa kisu. Mwaka 1995 ikathibitishwa kwamba dawa ya kuyeyusha donge la damu huwafaa wagonjwa wa mshipa ulioziba wakipewa katika saa 3 za kwanza, na mwaka 2008 muda huo ukaonekana waweza kufika saa 4 na nusu. Dawa hiyo ni hatari kwa aliyepasukiwa na mshipa, na ndiyo sababu picha hutangulia. Mwaka 2006 Jeffrey Saver alikadiria kuwa mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza chembe za fahamu milioni 1.9 kila dakika.

Basi mtambuzi wa kwanza akawa si daktari tena. Akawa mke, mtoto, utingo wa basi, mwalimu wa zamu. Huko Uingereza na Marekani zilitungwa, katika miaka ya 1990, njia fupi za kukumbuka dalili tatu: uso, mkono na usemi, pamoja na kuwahi. Mwaka 2017 watafiti wa Kentucky walichunguza wagonjwa 736 wa kiharusi cha mshipa ulioziba, wakaona kuwa asilimia 14.1 hawakuwa na hata moja ya dalili hizo tatu. Walipoongeza mwendo na macho, waliokosa kutambuliwa walishuka hadi asilimia 4.4. Hizi ndizo sehemu za nyuma za ubongo, zile za Flourens na Inouye, zikidai haki yake katika tangazo la ukutani.

7. Istilahi zetu

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Uchunguzi uliofanywa Hai na Dar es Salaam toka 2003 hadi 2006 ulionyesha kuwa, baada ya kusawazisha tofauti za umri, kiharusi kipya huwapata watu 108.6 kwa kila 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 315.9 Dar es Salaam. Utafiti mwingine uliotolewa 2008 katika maeneo hayo hayo ulikuta kuwa Dar es Salaam watu wengi waliamini kiharusi hutokana na mashetani au uchawi, na huko Hai wengi walitaja sababu za kimwili, kama vile shinikizo la damu. Tukumbuke pia neno degedege, linalohusishwa na ndege, na jinsi jina hilo lilivyoambatana na imani kuwa mtoto amepatwa na kitu kisichotibiwa hospitali. Jina halisababishi ugonjwa, lakini laweza kumwonyesha mgonjwa njia ya kushika. Kwa mintarafu hiyo twatoa mapendekezo yafuatayo.

(a) Kiharusi na kupooza yasiwe maneno ya badala. Kiharusi kiwe jina la ugonjwa wa ghafla wa ubongo unaotokana na mshipa wa damu kuziba au kupasuka. Kupooza iwe dalili mojawapo. Tena, katika matangazo ya chanjo, ugonjwa wa kupooza umekwisha tumika kwa maana ya polio, ambao ni ugonjwa mwingine kabisa. Hata Shirika la Afya Ulimwenguni lilikiweka kiharusi kwa muda mrefu katika kundi la magonjwa ya mzunguko wa damu. Ni toleo la 11 la uainishaji wake, lililoanza kutumika 2022, lililokihamishia katika magonjwa ya mfumo wa fahamu.

(b) Neno upande litajiwe mwenyewe. Mfasiri akiandika kiharusi cha kushoto, daktari huelewa nusu ya kushoto ya ubongo, na jamaa wa mgonjwa huelewa mkono wa kushoto. Iandikwe kwa ukamilifu: kiharusi cha nusu ya kushoto ya ubongo, kilichodhoofisha upande wa kulia wa mwili.

(c) Neno mshipa lisiachwe peke yake. Mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, na ule mshipa wa mazungumzo ya pwani ambao maana yake ni ngiri, ni vitu vitatu. Tuyatenge kama Herophilus alivyoyatenga.

(d) Afasia isifasiriwe kuwa ububu, kigugumizi au kuchanganyikiwa akili. Aliyepatwa nayo hajapoteza akili. Amepoteza njia ya kuyatoa maneno au ya kuyaelewa. Palipo na wasomaji wa kawaida, yatosha kusema kupotewa na usemi, au kusema maneno yasiyo na maana.

(e) Njia fupi za kukumbuka zisitafsiriwe herufi kwa herufi, kwani herufi za Kiingereza hazifanyi neno lolote kwetu. Twapendekeza walimu wahesabie vidole: gumba ni mwendo, cha shahada ni macho, cha kati ni uso, cha pete ni mkono, cha mwisho ni maneno. Kiganja kinachovishika vyote ni wakati: dalili ilianza saa ngapi? Tumechagua mwendo badala ya mizani, kwa kuwa mizani kwa watu wengi ni kifaa cha kupimia uzito sokoni. Kasoro ya ghafla katika kidole chochote kimoja yatosha kumpeleka mtu hospitali; wala tusingoje kasoro hiyo iondoke yenyewe, kwani inayoondoka nayo yaweza kuwa onyo la nyingine inayokuja.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba majina ya kale yalitaja kuanguka, kunyamaza na kugawanyika, na kwamba ilichukua zaidi ya miaka 2,000 kuyakusanya mambo hayo yote na kuyarudisha mahali pamoja, yaani ubongoni. Kazi hiyo ilifanywa na waganga. Iliyobaki ni yetu sisi tunaoandika. Kila anayeketi kufasiri karatasi ya afya ya kurasa mbili yafaa ajiulize swali moja kabla ya kuitia sahihi: yule mama wa chai, jamaa zake wakiisoma, wataelewa kuwa naye anahusika?